Sarara ya nguruwe inatoka kavu kwenye kikaangio cha hewa: tatizo ni nini, na aive kiasi gani?

Swali: "Shikamoo. Naishi Arusha na mume wangu, mtoto wetu wa miaka minne na mama mkwe. Nimepata lile jiko la kukaangia bila mafuta, kikaangio cha hewa, nikasema sasa nitapika nguruwe kwa njia bora zaidi. Bucha walinishauri nichukue sarara, ule mnofu mrefu mwembamba wa ndani ya mgongo, wakasema ndiyo nyama laini kuliko zote. Nailoweka usiku kucha kwa ndimu, papai bichi na kitunguu saumu, asubuhi naichemsha nusu saa ili iive, halafu naiweka kwenye mashine nyuzi 200 kwa dakika 25 ipate rangi. Inatoka kavu hadi inakwama kooni. Dada yangu anayeishi Texas anasema nisiichemshe kabisa, niitoe ikifika nyuzi 63 hata kama katikati ina wekundu. Mama mkwe ameapa hatakula nguruwe mwekundu, anasema analeta minyoo ya kichwani. Nyama mara nyingi nanunua bucha, mara nyingine kwa jirani anayechinja nyumbani kwake. Nani yuko sahihi, na nifanyeje?"

Marahaba, binti yangu. Ndani ya swali lako kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, ndiyo maana nyumba haielewani. Moja ni la ulaini: kwa nini nyama iliyosifiwa hivyo inatoka kavu. Lingine ni la usalama: nguruwe aive kiasi gani. Dada yako anajibu la kwanza akiwa Texas, mama mkwe anajibu la pili akiwa Arusha, na wote wawili wana hoja.

Msimamo wangu nikupe mapema. Usiichemshe. Acha papai. Fuata joto la ndani ya nyama, dakika ziwe za kukadiria tu. Kwa nyumba yako lenga nyuzi 70, si 63, na iwe nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ya jirani isiyokaguliwa, achana nayo. Sasa nikueleze sababu, maana ukizielewa utaweza kupika hata kwenye mashine ya mtu mwingine.

Sarara ni msuli uliolala chini ya uti wa mgongo, upande wa kiuno. Nguruwe anapotembea, msuli huu haubebi mzigo mkubwa kama bega au paja, kwa hiyo haukukomaa. Tishu zinazoshikanisha nyama ni chache na mafuta karibu hayapo. Huko ndiko ulaini wake unakotoka, na hukohuko ndiko udhaifu wake ulipo. Nyama yenye mafuta ukiipitiliza, mafuta yanakuokoa, mlaji anahisi utelezi mdomoni hata kama maji yameisha. Sarara haina cha kukuokoa. Ulaini wake wote unategemea maji.

Na maji yenyewe ni mengi, karibu robo tatu ya uzito wa nyama mbichi isiyo na mafuta. Yameshikiliwa ndani ya protini za msuli. Ukianza kuipasha moto, kwenye nyuzi 50 hivi baadhi ya protini huanza kubadilika umbo: nyama inakaza kidogo, ule ute wa ubichi unaondoka, lakini maji mengi bado yamo. Kuanzia nyuzi 60 na kitu, kolajeni, ile protini ya tishu zinazoshikanisha nyama, inayozunguka msuli inasinyaa na kuuminya kama taulo linalokamuliwa. Kisha kati ya nyuzi 66 na 73 protini nyingine kubwa, aktini, nayo inaharibika, na hapo maji yanatoka kwa wingi. Ukivuka 80 umebaki na nyuzinyuzi. Sasa tazama unachokifanya: nusu saa kwenye maji yanayotokota inaufikisha mnofu mwembamba kama huu mbali kabisa na nyuzi 70, kisha unaupeleka kwenye hewa ya nyuzi 200 kwa dakika 25 zaidi. Nyama ilikwisha kukauka ndani ya sufuria kabla mashine haijawashwa. Mashine umeisingizia tu.

Najua hiyo tabia ya kuchemsha kwanza imetoka wapi, na siidharau. Kwa kitimoto cha kawaida, bega, mbavu, tumbo lenye mafuta na ngozi, kuchemsha taratibu kisha kukaanga kwa mafuta yake yenyewe ni njia sahihi kabisa. Nyama hizo zina kolajeni nyingi, na kolajeni ikikaa kwenye joto muda mrefu inayeyuka na kuwa kama gundi laini inayofanya nyama iwe tamu na yenye utelezi. Sarara haina kolajeni ya kutosha kuyeyuka. Kwa hiyo unailipisha gharama ya kuchemshwa bila kupata faida yake.

Tuje kwenye ndimu na papai. Asidi ya ndimu haiingii ndani sana, inaishia milimita chache za juu, na ikikaa usiku kucha huko juu nyama inakuwa kama chokaa. Papai bichi lina kimeng'enya kinachoitwa papaini ambacho hukatakata protini. Kwa nyama ya ng'ombe mzee au mbuzi mgumu ni msaada mkubwa kikitumika kwa saa moja au mbili. Kwa mnofu ambao tayari ni laini, usiku mzima wa papai unageuza uso wa nyama kuwa rojo, na rojo hilo likikutana na hewa ya moto linakauka vibaya. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha namna hiyo, basi usiiloweze muda mrefu.

Kitu kinachosaidia kweli ni chumvi. Chumvi ikipata muda inaingia polepole ndani ya nyama na kuzifanya protini za msuli zivimbe na kushikilia maji hata zikipashwa moto. Kwa nusu kilo ya sarara weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, karibu gramu 5 au 6, ipake pande zote, iweke kwenye sahani ndani ya friji saa nne au usiku kucha. Ukiwa na haraka, yeyusha gramu 50 za chumvi kwenye lita moja ya maji baridi na uizamishe saa moja hadi mbili ndani ya friji. Usifanye yote mawili, itakuwa chumvi tupu. Ndimu utaiona tena mezani.

Kuhusu mashine yenyewe, jina linapotosha kidogo, maana haikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Koili ya moto iko juu, feni inaisukuma hewa izunguke chakula, na kwa kuwa hewa inakimbia, ule mvuke unaokizingira chakula unapeperushwa kila wakati. Ndiyo sababu uso wa nyama unakauka na kupata rangi haraka kuliko kwenye oveni ya kawaida. Faida hiyo tunaitaka, ila ina maana kwamba ukichelewa dakika tano unalipa zaidi kuliko ungelipa kwenye oveni. Vilevile ina maana hewa lazima ipate njia: usitandaze foili kuziba tundu zote za kikapu, na usipange minofu ikabanana.

Kuna watakaokwambia uipitishe kwanza kwenye kikaango chenye moto mkali ili "kuziba" nyama, maji yasitoke. Wazo hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847 na likaaminika sana, lakini si kweli. Uso uliokaangwa unapitisha maji kama kawaida. Unaweza kusikia yakichirizika na kulia kwenye kikaango. Rangi ya kahawia ni ya ladha na harufu, na hiyo mashine yako itakupa bila kikaango.

Basi upishi wenyewe uende hivi. Itazame nyama: upande mmoja utaona utando mweupe unaong'aa. Utando huo hauyeyuki kwa joto lolote la jikoni, ukiuacha unajikunja na kuipinda nyama. Pitisha ncha ya kisu chini yake, elekeza makali juu kidogo, uvute utoke. Ncha nyembamba ya mnofu ikunje chini na uifunge kwa uzi wa pamba ili unene ulingane, la sivyo ncha itakuwa imekauka wakati katikati bado. Ikaushe kwa karatasi ya jikoni, ipake kijiko kimoja cha mafuta, pilipili manga na binzari nyembamba. Kitunguu saumu kibichi kinaungua na kuwa kichungu kwenye nyuzi 200, kiweke kwenye mchuzi. Asali, kama unaipenda, ipake dakika tatu za mwisho.

Washa mashine nyuzi 200 ipate moto dakika tano kabla ya kuweka nyama. Igeuze dakika ya nane au ya kumi. Mnofu wa nusu kilo wenye unene wa sentimita tano hufika nyuzi 63 hadi 65 kati ya dakika 16 na 20 kwenye mashine nyingi, na huhitaji dakika chache zaidi kufika 70. Mnofu wa gramu 300 unawahi sana. Mashine hazifanani, nyama iliyotoka friji sasa hivi inachelewa, na ndiyo maana sikupi dakika za kuapia. Anza kupima kuanzia dakika ya 12.

Kupima kunahitaji kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano, kinachouzwa kwenye maduka ya vyombo vya jikoni. Kama ungeniambia una fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mashine yako, ningesema hicho, kabla ya vile vikombe vya silikoni na karatasi zenye tundu. Ingiza sindano kutokea ncha ya mnofu ikielekea katikati, kwa urefu, hadi sehemu nene kuliko zote. Ukiingiza kwa juu ni rahisi kupitiliza ukapima hewa. Tafuta usomaji wa chini kabisa, huo ndio wa kweli. Ioshe sindano kwa sabuni kila baada ya kuchoma nyama ambayo haijaiva. Na kihakiki kipimajoto chenyewe kwa barafu iliyosagwa ndani ya maji kidogo: kisome sifuri. Usikihakiki kwa maji yanayochemka ukitegemea 100, maana Arusha iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Itoe ikisoma 67. Iweke kwenye sahani yenye joto, ifunike kwa foili bila kuibana, iache dakika tano hadi kumi. Joto la nje linaendelea kusafiri kuelekea ndani, katikati inapanda nyuzi tatu au nne. Pima tena kabla ya kukata. Ikiwa haijagusa 70, irudishe dakika mbili. Kisha ikate kukatisha nyuzinyuzi zake, vipande vya sentimita moja. Maji yaliyobaki sahanini na chini ya kikapu yakusanye, chemsha na siagi kidogo, kitunguu saumu na ndimu, mwagia juu. Nikuambie ukweli: kwenye 70 haitakuwa na maji mengi kama ya dada yako kwenye 63. Lakini ikiwa imepata chumvi mapema, imepumzishwa na imekatwa vizuri, ni nyama laini ya kufurahia, na ni tofauti kubwa na unayoila sasa.

Sasa kwa nini nakunyima hizo nyuzi saba? Dada yako hakubuni. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango chake cha minofu mizima ya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63, nyama ipumzike walau dakika tatu kabla ya kuliwa. Nguruwe wa kule wengi wanafugwa ndani ya mabanda yaliyofungwa, hawazururi wala hawafikii kinyesi cha binadamu, na mnyoo waliouogopa zaidi zamani, trikinela, hufa kabla ya nyuzi 63. Kwake, ushauri ule ni sahihi.

Huku kwetu tuna tegu wa nguruwe, na hapa ndipo mama mkwe anastahili kusikilizwa, ingawa njia aliyoieleza si yenyewe. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai yanageuka kuwa vifuko vidogo ndani ya misuli yake, sarara ikiwemo. Mtu akila nyama yenye vifuko hivyo ikiwa haijaiva, anapata tegu wa tumboni. Nyama ile haipeleki mnyoo kichwani moja kwa moja. Kichwani kunafikiwa na mayai: mtu mwenye tegu tumboni anatoa mayai kwenye choo, na kwa mikono isiyonawa, maji machafu au mboga za majani, mayai yanaingia kinywani mwa watu wa nyumba yake au mwake mwenyewe. Hayo ndiyo yanayoweza kuweka vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 ya kifafa inatokana naye. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo, na wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, si mbali na kwako, ni kati ya sehemu ambako watafiti wamemchunguza kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu anaweza asiguse nguruwe maisha yake yote na bado akapata vifuko vya ubongo, kwa sababu tu aliyempikia hakunawa.

Vifuko hufa nyama ikifika kati ya nyuzi 60 na 65 hadi katikati. Utaona kwamba 63 iko pale mpakani. Kipimajoto kikikosea nyuzi mbili, au sindano ikikosa sehemu nene, umebaki chini ya mpaka bila kujua. Na muhuri wa mkaguzi, ambao nausisitiza, ni kazi ya macho na kisu: nguruwe mwenye vifuko vingi anakamatwa, mwenye vichache anaweza kupita. Nyuzi 70 inakupa nafasi ya makosa yote hayo, hasa kwa mtoto wa miaka minne.

Ukikata nyama ukaona vijifuko vya maji vyenye doa jeupe, vya nusu sentimita hadi sentimita moja, usianze kupiga hesabu ya joto. Ifunge, irudishe bucha, na umwarifu mkaguzi wa nyama au bwana afya wa kata yako. Kwa nyama iliyojulikana kuwa na vifuko, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linataka nyuzi 80 hadi katikati au kugandishwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, au chini zaidi, siku zisizopungua kumi. Hiyo si kazi ya kukisia nyumbani.

Jirani yako sitaki umgombeze, maana pengine anafuga kwa uangalifu. Mwombe amwite mkaguzi kabla ya kuuza. Hilo linamlinda yeye na wateja wake. Kama tayari una nyama yake kwenye friza, haina vifuko unavyoviona na hutaki kuitupa, igandishe siku kumi kamili kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha uipike hadi 75 au zaidi. Umeme ukikatika muda mrefu nyama ikaanza kulegea, hesabu inaanza upya, na ikiwa imeyeyuka na kupata joto, itupe. Kugandisha kutaitoa maji kiasi, utaona damu ya maji sahanini inapoyeyuka. Usinunue nyama ya nguruwe aliyekufa au aliyechinjwa akiwa mgonjwa hata bei ikiwa ya kutupa. Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, ni kweli, lakini wewe hujui kilichomuua.

Kuhusu wekundu, mweleze mama mkwe kwa upole kwamba rangi inadanganya pande zote mbili. Rangi ya nyama inatokana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu, na kiwango cha asidi ndani ya msuli. Mnofu mmoja unaweza kubaki na upinki kidogo ukiwa umefika 70, mwingine ukapauka kabla ya kuiva. Mwonyeshe kipimajoto. Akikataa bado, vipande vyake virudishe kwenye mashine dakika tatu, usibishane na mzee kuhusu chakula chake. Au siku yake mnunulie bega, umpikie kitimoto kwa njia anayoijua, na ndizi na kachumbari. Atakula vizuri kuliko angekula sarara iliyokaushwa.

Usipokuwa na kipimajoto, sarara usiipike nzima. Ikate vipande vya duara vya sentimita tatu, ipike hadi ukipasua kipande kinene kuliko vyote hakuna wekundu na maji yanatoka meupe, ukikubali kwamba itakuwa kavu kidogo. Ubao na kisu cha nyama mbichi visiguse kachumbari. Mabaki yaingie friji ndani ya saa mbili na yaliwe ndani ya siku tatu.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Mtu yeyote nyumbani akiona vipande vyeupe bapa kwenye choo, aende zahanati akapimwe. Mtu mzima akipata kifafa kwa mara ya kwanza maishani, au maumivu makali ya kichwa yasiyokoma pamoja na kutapika au kuona vibaya, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya tegu iliyonunuliwa duka la dawa bila kupimwa: mojawapo ya dawa hizo, prazikwanteli, inaweza kuamsha degedege kwa mtu mwenye vifuko kwenye ubongo asiyejijua. Mkifika kwa daktari, mwambieni mapema kama kuna yeyote katika familia aliyewahi kuanguka kifafa au mwenye kuumwa kichwa kwa muda mrefu, kabla hajaandika dawa.